Picha na Maneno Yake: Usuluhishi wa Migogoro ya Picha miongoni mwa Wahariri wa Kamusi Elezo ya Kiswahili, kwa Mifano ya Tunduma na Mkoa wa Songwe



 Mada niliyoichagua huenda ikaonekana ngeni katika ukumbi uliozoea mijadala ya fonolojia, ushairi na historia ya lugha. Hata hivyo, natumaini kwamba hadi mwisho wa mhadhara tutakubaliana kuwa ni mada ya Kiswahili kwa kila hali.

1. Utangulizi

Wahenga walisema: mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii inatufaa sana katika maisha ya kila siku, lakini katika kamusi elezo haitufikishi mbali. Msomaji anayefungua makala na kukuta picha ya mlolongo wa malori anayaona malori bila msaada wa mtu. Asichokiona ni mahali malori hayo yalipo, mwaka picha ilipopigwa, nani aliipiga, na kwa nini picha hiyo ikachaguliwa badala ya nyingine. Hayo yote sharti aambiwe, na huambiwa kwa maneno. Maneno yakikosekana au yakiwa ya kubahatisha, wahariri huanza kuvutana.

Katika mhadhara huu ninakusudia kutetea hoja moja ya msingi: migogoro mingi tunayoiita ya picha kwa hakika ni migogoro ya maneno yanayoandamana na picha. Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi sehemu kubwa ya usuluhishi wake iko mikononi mwa watu wa lugha, yaani mikononi mwenu.

Nimechota mifano kutoka Tunduma na Mkoa wa Songwe kwa sababu tatu. Kwanza, mkoa huu ni mpya. Ulianzishwa rasmi mwaka 2016 kwa kumega sehemu ya magharibi ya Mkoa wa Mbeya, na makao makuu yake yakawekwa Vwawa. Pili, ni mkoa wa mpakani, unaopakana na Zambia na Malawi. Tatu, jina lenyewe la Songwe linabebwa na mahali pengi, jambo linalowatatiza hata wenyeji wa nyanda za juu kusini. Mahali pa namna hiyo panaonyesha waziwazi matatizo ambayo kwingineko yamejificha.

2. Usuli: kamusi elezo ya watu wanaojitolea

Wikipedia ilianzishwa kwa Kiingereza mwezi Januari 2001. Toleo la Kiswahili lilifuata mwaka 2003, nalo lilijitambulisha kwa maneno “kamusi elezo huru”. Inafaa kulizingatia jina hilo. Wanaleksikografia walikuwa wameshazoea neno ensaiklopidia, lakini wahariri wa Wikipedia walipendelea istilahi iliyoundwa kwa maneno mawili ambayo kila mjuzi wa Kiswahili anayafahamu: kamusi, na elezo kutokana na kitenzi kueleza. Kwa jina lake tu, kitabu hiki kimeahidi kueleza. Picha isiyoelezwa inakwenda kinyume cha ahadi hiyo.

Picha nyingi zinazoonekana humo hazihifadhiwi katika toleo la lugha moja. Tangu Septemba 2004 kumekuwa na ghala la pamoja liitwalo Wikimedia Commons, ambalo matoleo ya lugha zote hulitumia. Picha iliyopakiwa humo na mkazi wa Tunduma inaweza kuonekana siku hiyohiyo katika makala ya Kiswahili, Kiingereza au Kijerumani. Faida ya utaratibu huo iko wazi, na athari yake nayo iko wazi: picha moja hupata maelezo mengi katika lugha nyingi, na maelezo hayo si lazima yakubaliane.

Aidha, tukumbuke kuwa picha hufuata wapiga picha. Shindano la kila mwaka la Wiki Loves Africa, lililoanza mwaka 2014, limeliongezea ghala hilo picha nyingi za bara letu, na kila mwaka huwa na dhamira yake. Mwaka 2017 dhamira ilikuwa watu kazini; mwaka 2020 ilihusu usafiri. Kwa hiyo picha tulizonazo za mji fulani zinaweza kuwa zimeamuliwa na dhamira ya mwaka, na zaidi ya hapo na nani alikuwa na kamera na muda. Mhariri anapochagua, huchagua kutoka katika kile kilicholetwa.

Je, kuna nini cha kupoteza hapa? Kipo, tena kikubwa. Makala za kamusi elezo hunakiliwa na mitambo ya utafutaji, na wanafunzi, na waandishi wa habari, na siku hizi na programu za akili unde zinazofundishwa kwa matini za intaneti. Mahali penye maandishi mengi, kosa moja husahihishwa na wingi wa maandishi mengine. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 1.3, kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, lakini wenye makala chache, hauna kinga hiyo. Picha ya kwanza kufika ndiyo huwa sura yake duniani.

3. Migogoro yenyewe

3.1 Mgogoro wa utambulisho: hapa ni wapi?

Hebu tuanze na jina. Kuna mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi na kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Kuna mto mwingine wa jina hilohilo unaoelekea Ziwa Rukwa. Kuna Songwe iliyo katika Mkoa wa Mbeya, mahali panapojulikana kwa kiwanda cha saruji, na kuna Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Songwe, ulioanza kutumika mwaka 2012, ambao nao uko Mkoa wa Mbeya. Kuna Wilaya ya Songwe, iliyomegwa kutoka Chunya. Na juu ya hayo yote kuna Mkoa wa Songwe.

Tuchukue mhariri anayetafuta picha ya kupamba makala ya mkoa. Anaandika “Songwe” katika ghala la picha, anapata picha nzuri ya uwanja wa ndege, anaiweka. Mhariri wa pili anaiondoa. Wa kwanza anairudisha, akisema jina la uwanja limeandikwa wazi juu ya jengo. Wa pili anaiondoa tena, akisema uwanja hauko mkoani humo. Kila mmoja amesema kweli. Lililokosekana ni sentensi moja ya kutenga jina na mahali: kwamba uwanja huitwa Songwe na uko Mkoa wa Mbeya. Sentensi hiyo ikiandikwa kwenye ukurasa wa picha ghalani, kila atakayekuja baadaye ameokolewa.

Mgogoro wa utambulisho hukuzwa pia na wakati. Picha ya Tunduma iliyopigwa mwaka 2010 na kuandikiwa “Tunduma, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya” ilikuwa sahihi kabisa siku ilipoandikwa. Mwaka 2012 ilianzishwa Wilaya ya Momba, na mwaka 2016 ukaanzishwa mkoa mpya. Mhariri wa leo anayefuta neno “Mbeya” na kuandika “Songwe” anasahihisha jiografia ya leo na papo hapo anaharibu historia. Anayelirudisha anahifadhi historia na kumpotosha msafiri. Suluhu haimtaki yeyote kati yao ashindwe. Inataka tarehe: “Tunduma mwaka 2010, wakati huo ikiwa katika Mkoa wa Mbeya, tangu 2016 iko Mkoa wa Songwe.”

Mfano mwingine ni kimondo cha Mbozi, kilichopo kwenye kilima cha Marengi, ambacho huenda ndicho kitu kinachopigwa picha zaidi katika mkoa huu. Mpima ardhi W. H. Nott alikitolea taarifa mwaka 1930, na mwezi Desemba mwaka huohuo D. R. Grantham wa idara ya jiolojia alikikata kipande kidogo kwa msumeno wa kawaida wa chuma, kazi iliyochukua saa 10. Uchunguzi ulionyesha kuwa sehemu kubwa yake, karibu asilimia 90, ni chuma, na karibu asilimia 9 ni nikeli. Urefu wake wa takriban mita 3 unaonekana pichani. Uzito hauonekani, na maandishi yametofautiana: wapo waliokadiria tani 12, wapo walioandika 16, na wapo waliofika 25. Wahariri wanaogombana juu ya maelezo ya picha hii hawagombani juu ya picha hata kidogo. Hawajaafikiana tu kwamba makadirio yaandikwe kuwa ni makadirio. Neno “inakadiriwa” lina silabi sita, nazo zatosha kumaliza ugomvi huo.

3.2 Mgogoro wa uteuzi: ipi isimame juu?

Mgogoro wa pili ni mgumu zaidi, kwa kuwa hapa hakuna aliyekosea jina wala tarehe. Makala ya mji kwa kawaida huwa na picha moja kuu juu, upande wa kulia. Kwa Tunduma, iwe ipi?

Upande mmoja utasema: malori. Tunduma imejulikana kwa mpaka. Hapa hupita barabara ya TANZAM kuelekea Zambia na nchi zilizo mbele yake, ikiwemo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hapa hupita reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Hapa, mwezi Oktoba 2019, Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Edgar Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kati ya Tunduma na Nakonde. Kuweka picha nyingine, upande huu utasema, ni kukwepa ukweli.

Upande wa pili utajibu kwamba foleni ya malori inaonyesha watu wanaopita, wala haiwaonyeshi wanaoishi. Tunduma ina masoko, shule, nyumba za ibada na mitaa yake. Mkoa unaouzunguka unalima kahawa huko Mbozi na mpunga katika bonde la Momba. Unazungumza Kinyamwanga, ambacho kinazungumzwa pande zote mbili za mpaka na Zambia, pamoja na Kinyiha, Kindali na lugha nyingine. Kumwonyesha msomaji malori peke yake, watasema hao, ni kuuona mji kupitia kioo cha gari.

Ninaiona hoja ya upande wa pili kuwa na uzito, na nitaeleza sababu. Kamusi elezo ina wajibu wa kuonyesha kinachoufanya mji ujulikane; huo ni wajibu wa kweli. Lakini neno “ujulikane” huficha swali: ujulikane na nani? Kwa mchukuzi wa shaba, Tunduma ni foleni. Kwa aliyezaliwa pale, foleni ni kero iliyo barabarani. Kamusi elezo ya Kiswahili inasomwa na wote wawili, na wa pili ana haki ya kujikuta ndani yake. Kwa sababu hiyo mhariri asiulize tu picha ipi ni nzuri. Aulize sentensi gani ya makala inasaidiwa na picha hii. Picha ya malori ikae kwenye sehemu ya uchukuzi, ikaeleze uchukuzi. Picha kuu iutambulishe mji mzima kwa kadiri picha moja inavyoweza. Hapo uteuzi unakuwa suala la kulinganisha picha na matini, jambo linaloweza kujadiliwa kwa ushahidi, badala ya kuwa suala la mapenzi ya mtu.

3.3 Mgogoro wa heshima na ridhaa

Katika Kiswahili picha hupigwa. Aliye nyuma ya kamera tunamwita mpiga picha, nomino iliyokomaa na kuingizwa katika kamusi. Aliye mbele ya kamera hana jina lililozoeleka. Tunaweza kusema “aliyepigwa picha”, kishazi kizima cha kutendwa. Sidai kwamba sarufi ndiyo iliyosababisha tuwasahau watu wanaopigwa picha. Ninasema tu kwamba sarufi imetuonyesha tulipozembea.

Mchuuzi wa ndizi sokoni Tunduma, mbeba mizigo anayevuka kwenda Nakonde, dereva aliyelala chini ya lori lake: hawa ndio wanaojaza picha za mpakani. Ili picha ikubaliwe katika Wikimedia Commons sharti iwe na leseni huru, yaani leseni inayoruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na hata kuifanyia biashara. Leseni ya namna hiyo ikishatolewa haifutiki kwa mtoaji kubadili nia. Mpiga picha anatoa haki iliyo yake, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua kuwa mwenye kazi yake. Lakini hawezi kutoa kilicho cha yule mchuuzi, yaani ridhaa ya sura yake kuonekana katika tangazo la bidhaa asiyoijua. Ni mambo mawili, na wahariri wengi huyachanganya kwa sababu yote mawili huitwa “ruhusa”.

Napendekeza tuyatenge kwa maneno. Ya mpiga picha tuiite leseni. Ya aliyepigwa picha tuiite ridhaa. Maneno hayo tunayo tayari, hayahitaji kuundwa. Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, suala la taarifa zinazomtambulisha mtu limekwisha kutoka katika adabu peke yake na kuingia katika sheria za nchi. Mhariri anayesema “picha ina leseni” hajalijibu swali la mwenzake anayeuliza “ridhaa ipo?” Tukiyatenga maneno, tutaona kuwa wawili hao walikuwa wakijibizana juu ya mambo mawili tofauti.

3.4 Mgogoro wa ramani

Ramani ni picha inayodai zaidi ya picha nyingine zote, kwa sababu hujifanya haina mpigaji. Na hapa jina la Songwe linaingia katika historia ya dunia. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliutaja mto Songwe kwa jina: mpaka wa maeneo ya dola hizo mbili ulifuata kingo za ziwa hadi mlango wa mto Songwe, kisha ukapanda na mto huo. Malawi imeushikilia mkataba huo kudai kwamba mpaka wake na Tanzania ni ufuko wa ziwa. Tanzania imeshikilia kwamba mpaka unapita katikati ya maji. Mvutano huo ulijitokeza katika miaka ya 1960, ukapamba moto tena mwaka 2012, na kupelekwa kwa wasuluhishi waliokuwa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji.

Mhariri anayeweka ramani yenye mstari ufukoni amechagua upande, na anayeweka yenye mstari katikati amechagua upande vilevile, hata kama hakukusudia. Jina nalo huchagua: Tanzania husema Ziwa Nyasa, Malawi husema Ziwa Malawi. Zaidi ya hayo, mto Songwe wenyewe umekuwa ukihama njia yake kwa mafuriko, na mabadiliko hayo yamewatia wakazi wa kingo zake katika shaka juu ya nchi waliyomo. Nchi hizo mbili zilitia saini mwaka 2017 mkataba wa kuanzisha kamisheni ya pamoja ya bonde hilo. Kwa hiyo hata picha ya satelaiti, ambayo wengi huidhani kuwa mwamuzi asiye na upendeleo, ni ushahidi wa siku ilipopigwa tu.

Suluhu ya haki kwa ramani ni kuonyesha madai yote mawili kwa mistari ya aina tofauti, na kuandika chini yake nani anadai nini na kwa msingi gani. Msomaji wa Ileje na msomaji wa Karonga wote wawili wanasoma Kiswahili au wanaweza kukisoma. Kamusi elezo haina mamlaka ya kuchora mpaka. Ina wajibu wa kueleza kwamba mpaka unabishaniwa.

4. Kutengua na kuafikiana

Sasa tutazame namna migogoro hii inavyotatuliwa. Kila ukurasa wa Wikipedia una historia inayohifadhi kila badiliko, na kila badiliko linaweza kutenguliwa. Karibu na kila makala upo pia ukurasa wa majadiliano. Wapo wahariri waliopewa dhamana ya usimamizi, ambao Wikipedia ya Kiswahili imewaita wakabidhi. Hao wanaweza kufunga ukurasa au kumzuia mtu kwa muda. Hata hivyo, ukabidhi hauwapi haki ya kuamua picha ipi ni bora.

Wanaisimu wataona tofauti muhimu katika vitenzi vinavyohusika. Kutengua hufanywa na mtu mmoja, kwa kubofya mara moja. Kujadiliana na kuafikiana vina kiambishi cha kutendana. Mtu mmoja hawezi kuafikiana. Migogoro hurefuka pale watu wanapotumia kitenzi cha kwanza mahali pa hicho cha pili. Wikipedia ya Kiingereza iliona hatari hiyo mapema, ikaweka kanuni kwamba mhariri asitengue zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24. Kanuni hiyo inazuia vita, lakini haileti amani. Amani huletwa na hoja.

Je, kura haitoshi? Mfano unaojulikana sana unatujibu. Mwaka 2008 zaidi ya watu 100,000 walitia majina katika ombi la kutaka michoro ya kale inayomwonyesha Mtume Muhammad iondolewe katika makala yake ya Kiingereza. Wahariri walikataa kuihesabu idadi hiyo kuwa hoja, kwa kuwa kamusi elezo haiendeshwi kwa wingi wa sahihi. Lakini mvutano haukwisha. Mwaka 2011 ulifika mbele ya kamati yao ya usuluhishi, na kamati haikujitwalia mamlaka ya kuchagua michoro. Ilishughulikia mienendo ya wahariri na kuitaka jumuiya ifanye mjadala wenye utaratibu. Mjadala huo ulifanyika mwaka 2012, na kwa ujumla michoro ilibakizwa. Mwaka 2011 vilevile Bodi ya Wadhamini ya Wikimedia ilipitisha azimio lililounga mkono kanuni ya kutomshtua msomaji pasipo sababu.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba swali “iwepo au isiwepo” ni swali baya la kuanzia. Lenye tija ni: iwe wapi, ngapi, na kwa maelezo gani? La pili ni kwamba uamuzi wa jumuiya ya lugha moja haufungi jumuiya ya lugha nyingine. Wahariri wa Kiswahili wana wasomaji wao, wengi wao Waislamu na Wakristo wanaoishi nyumba kwa nyumba, na wana haki ya kufikia mwafaka wao wenyewe kwa hoja zao wenyewe. Kunakili uamuzi wa Kiingereza bila kuujadili ni uvivu, na kuukataa kwa kuwa tu ni wa Kiingereza ni uvivu vilevile.

Tatizo letu mahususi ni uchache. Katika toleo lenye wahariri wengi, wawili wakivutana, wa tatu hujitokeza. Katika toleo lenye wahariri wachache, wawili wanaweza kuvutana juu ya picha ya Tunduma kwa miezi bila mtu wa tatu kupita, na anayeshinda ni mwenye subira au mwenye intaneti ya uhakika. Mara nyingi huyo si mkazi wa Tunduma. Penye wazee haliharibiki neno, lakini sharti wazee wawepo.

5. Mapendekezo

Kutokana na niliyoyaeleza, ninapendekeza utaratibu ufuatao kwa wahariri wa Kiswahili.

Kwanza, kila picha ipewe maelezo yenye mambo manne: nini, wapi, lini, na kwa chanzo gani. Nitatoa mfano wa kubuni. Maelezo “Malori mpakani” yanakaribisha ugomvi. Maelezo “Malori yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, katika barabara ya TANZAM, Tunduma, Machi 2018, kabla ya kuzinduliwa kituo cha pamoja cha mpakani” yanaueleza wakati wake, na msomaji hatadhani kuwa anaona hali ya jana.

Pili, anayeondoa picha aandike sababu kwenye ukurasa wa majadiliano kabla ya kuondoa, na ataje aina ya mgogoro: ni wa utambulisho, wa uteuzi, wa ridhaa, au wa ramani? Kila aina ina ushahidi wake. Wa utambulisho huamuliwa kwa chanzo. Wa uteuzi kwa kulinganisha na matini. Wa ridhaa kwa kumpendelea aliyepigwa picha panapokuwa na shaka. Wa ramani kwa kuonyesha madai yote.

Tatu, katika mgogoro wa uteuzi, sauti ya mtu anayepafahamu mahali isikilizwe kwanza, ingawa isiwe ya mwisho. Mwenyeji anaweza kuwa na upendeleo, lakini anajua ni lini barabara ilijengwa na soko lilihamishwa.

Nne, na hili ninalielekeza kwenu wanafunzi: idara za Kiswahili ziwe chemchemi ya mtu wa tatu. Zoezi la kuandika maelezo sahihi ya picha 20 za mkoa mmoja ni zoezi kamili la semantiki, la uhariri na la maadili. Mwanafunzi atakayelifanya atakuwa amejifunza zaidi juu ya urejeshi, njeo na uhakika wa kauli kuliko katika mazoezi mengi ya darasani, na kazi yake itabaki ikisomwa.

6. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba picha katika kamusi elezo haijitegemei. Jina la Songwe linaweza kuwa mto, uwanja wa ndege, wilaya au mkoa, na picha haiwezi kutuambia ni lipi. Mwaka unaweza kuugeuza ukweli kuwa kosa, na picha haina mwaka mpaka iandikiwe. Mchuuzi aliye mbele ya kamera anaweza kuwa ameridhia au hakuridhia, na uso wake hauna namna ya kutujulisha. Mpaka uliochorwa unaweza kuwa dai la upande mmoja, na mstari hausemi ni la nani.

Hayo yote ni kazi ya maneno, na maneno ya kazi hiyo Kiswahili kinayo: leseni na ridhaa, inakadiriwa na inadaiwa, wakati huo na tangu. Wapo vijana wa Tunduma, Vwawa na Itumba ambao watautafuta mkoa wao kwa simu usiku huu. Watakachokikuta kitategemea kama watu wawili wasiofahamiana waliweza kuafikiana juu ya picha moja na sentensi iliyo chini yake. Wahariri hao wanajitolea na hawalipwi. Tunachoweza kuwapa sisi ni mtu wa tatu anayeijua lugha.